Wiki Mbili Tu

Daktari aliandika: wiki mbili.
Shekuwe alikuwa ametoka kuzikwa, eda ndiyo kwanza inaanza,
na usiku ukinitazama kwa macho makavu.
Kidonge chenyewe kama kifungo cha shati la mtoto,
kina mstari katikati, kama kinasema: nigawe.
Sikukigawa.
Nilikiongezea mwenziwe.

Wiki mbili zikazaa mwaka, mwaka ukazaa,
nikafika wa kumi na moja.
Karama wa duka la dawa, pale Mwembe Tayari,
hakuuliza tena cheti. Aliuliza hali.
Vidonge nikavitia katika kijaluba cha marehemu mama,
kilichokuwa cha tambuu,
bado kikinukia karafuu kwa mbali.
Vijana wa Bondeni huviita bugizi, huokotwa mitaroni.
Mimi nilikuwa mama wa watu, mshona kofia.
Nilidhani jina zuri hubadilisha dawa.

Kofia ya vito haisemi uongo.
Kila tundu lataka mkono uliotua.
Mteja wa Lamu akarudisha yake:
"Bi Mwanamize, vito vyako vinasinzia."
Nikacheka. Jioni nikasahau pasi juu ya kanzu.
Swabra, binti yangu, akakuta moshi umekaa nami kama mgeni,
na mgeni ndiye aliyekuwa macho.

Kaka yangu aliye Maskati akatuma pesa: kliniki ya Nyali,
siku nane, dripu, mashine ya moyo,
mlango unaofungwa kwa nje.
Tulifunzwa kuwa haraka haina baraka.
Mimi haraka niliinunua, kwa bei ya kiwanja.

Siku ya kwanza nikasema: basi, ndiyo hii?
Ya pili shuka likaota mchanga.
Ya tatu nilisikia saa ya ukutani ikitafuna.
Nilisikia nywele zangu.
Taa ilikuwa na harufu.
Meno yalitaka kutoka yakaombe dawa yenyewe.
Nilimwita Shekuwe kwa jina lake la utotoni,
nikamtukana Swabra tusi nisilojua kuwa nalijua,
nikamwahidi Sista Kadzo bangili zangu zote mbili
kwa nusu. Nusu tu.
Ule mstari wa katikati, sasa niliukumbuka.

Kadzo alinishika kifundo cha mkono, akihesabu kwa Kigiriama,
polepole, kama anayegawa mahindi ya mwisho.
"Huyu si wewe," akasema.
"Ni dawa inatafuta viatu vyake."

Siku ya nane walinitoa, na karatasi, na chupa ya maji.
Hakuna aliyeniambia kuwa mwili hutoka hospitali
baada ya mwenyewe, tena kwa miguu.
Nyumbani Kibokoni nililala dakika, nikakesha saa.
Nikamjua mwoka mikate anayekohoa saa tisa,
nikajua paka wa nani anazini na wa nani.
Kijaluba nilikiosha kwa siki. Sijui bado nitie nini.
Mkono ulitulia tundu tatu;
la nne likaenda zake.

Halafu juzi, baada ya alfajiri, nikaota.
Miaka kumi na moja sikuota kitu;
nilikuwa nazimwa, nawashwa.
Nilitaraji, ikirudi ndoto, aje Shekuwe,
au mama, aulizie kijaluba chake.
Niliota niko Marikiti, nanunua mabenda,
na muuzaji, mwanamume mwenye jino la fedha,
kanidhulumu shilingi ishirini.

Nikaamka na kasirani,
kasirani yangu mwenyewe, mbichi, isiyo na cheti.
Nikamwita Swabra.
Akaja mbio toka jikoni, unga mikononi,
uso umemshuka, akidhani ni yale.
"Mwanangu," nikamwambia, "nitafutie viatu.
Naenda Marikiti. Nataka chenji yangu."