Jina la Chini

Bango langoni limetangaza shule ya kiangazi,
na mvua ya Agosti inalisoma
herufi kwa herufi, mpaka wino unachuruzika.

Mezani Bi Kabasinguzi anagawa vitambulisho.
Mashine imekosea karibu sote:
Päivi kapoteza nukta zake,
Tshering kaandikwa mara mbili,
mimi wa Kasulu nimekuwa Bwana.

"Basi," anasema, anafungua kalamu kwa meno,
"huku Fort Portal mtu haitwi kwa jina tupu."
Anatukagua mmoja mmoja, kama anayechagua nyanya,
kisha chini ya kosa anaandika:
Amooti. Akiiki. Araali.

Hotuba zilikuwa nne. Sikumbuki hata moja.
Umeme ulikatika mgeni rasmi
akiwa kwenye "mwisho kabisa" yake ya tatu;
tukapiga makofi gizani, kwa shukrani.

Nakumbuka bweni. Blanketi lanuka sabuni ngeni,
usingizi umegoma,
na kutoka kitanda cha juu sauti ya Päivi
inashuka polepole,
kama mguu unaotafuta ngazi:

"Adyeeri?
Umelala?"

Nilichelewa kidogo kujua
kwamba ni mimi.