Bakuli la Nne

Mama hahesabu miezi kwa kalenda.
Huingia jikoni, hushusha mabakuli manne ya bati,
huyapanga chini ya dari:
moja mlangoni, moja juu ya kasha,
moja kwenye kona anapolala paka,
na la nne, lenye ua jekundu na ukingo uliobanduka,
pale kilipokuwa kitanda cha Baba.
"Mwaka waya," husema. Masika yaja.
Basi. Hiyo ndiyo hotuba.

Miaka sita tumeishi hivyo, tukilala kati ya matone.
Wahenga walitaja ufa, wakataja ukuta;
paa walilisahau, au nyumba zao hazikuvuja.

Safari hii nikasema: nitaezeka.
Nikauza bangili moja, ile nzito,
nikaagiza Matondoni makuti mia tatu na arubaini.
Yakaja na punda watatu, kichochoro kikajaa,
Bi Zamu wa nyumba ya pili akajibanza ukutani na sinia yake ya mikate.
"Mabati hukuyaona madukani?"
Niliyaona. Ila mabati yakipigwa na mvua
mtu hasikii hata akiitwa jina lake.

Fundi Shekuwe alikuja na goti lililofungwa kitambaa.
Akaitazama ngazi kama mdeni amtazamavyo mwia.
"Nikipanda, mtanishusha kwa machela."
Akavuta kiti, akaketi kiwandani,
akaninyooshea kidole: "Wewe huna mikono?"

Nikavaa suruali ya marehemu, kanga kiunoni, nikapanda.
Nikauona mtaa wa Langoni kwa mgongo wake:
matangi, nguo zilizoanikwa,
mbuzi wa Famau, kafikaje juu ya nyumba Mungu ajua,
na upande wa Mokowe wingu moja,
dogo, jeusi, punje ya pilipili manga.
Sauti ya fundi ikanifuata:
"Ng'oa yote! Usilionee huruma kuti bovu!"

Nikang'oa. Vumbi la miaka likanijaa puani.
Nge wawili. Kiota.
Tiara ya kaka yangu, iliyopotea akalia siku mbili;
sasa ana ndevu, na duka Mombasa.
Na ndani ya mlizamu, chini ya matope makavu,
kijiko alichopimiwa Baba dawa.
Sijui kilipandaje huko.
Nikakitia mfukoni. Mfuko wake mwenyewe.

"Anza chini! Chini kwenda juu, kama magamba ya samaki!
Kuti juu ya kuti, vidole vinne!
Kaza! Hiyo ni kamba au uzi wa kanzu?"

Siku tatu. Usumba ukanila viganja.
Fito mbili za mkandaa zilikuwa unga, nikazibadili.
Watu wakasema walichosema;
maneno yakipanda ngazi hufika juu yamechoka.
Nilipofunga fundo la mwisho, juu ya pale pa Baba,
nikangoja kukosolewa.
Kimya. Fundi alikuwa amesinzia,
kofia imemwangukia pajani.

Mvua ikaja usiku wa Ijumaa,
kwanza kama mtu apepetaye mchele,
kisha gunia zima.
Tukakaa na taa, macho juu.
Bakuli la kwanza, kavu. La pili, kavu.
La tatu, paka kajikunja ndani yake.
La nne
Mama alilitazama muda mrefu.
Mimi nangoja dua, angalau ahsante.
Akasema, "Kumekuwa kimya mno."

Usiku wa manane nikasikia mlango wa kiwandani ukilia.
Alikuwa ametoka na lile la ua jekundu,
akalitega chini ya mlizamu.
Mvua ilikuwa imepungua;
tone likagonga bati, likafuata jingine,
mwendo ule ule wa miaka sita.

Akarudi, maji yakimchuruzika kwenye nywele,
akajilaza bila kusema neno,
akapata usingizi kabla yangu.
Mimi nilikuwa macho bado,
kijiko mkononi,
nikihesabu.