Pete Kabla ya Chanda

Ndani ya kopo la tumbaku la kaka yangu Vojta,
chini ya stempu na funguo zisizojua tena mlango,
ilikuwemo mota.
Nyekundu, ndogo kuliko limau,
nyaya tatu zikining'inia kama sharubu za kambare.
Namba za ubavuni alikwisha zifuta kwa vidole vyake.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka thelathini na moja
kiwandani Prostějov, nikisikiliza mashine zikikohoa,
nikijua hii inataka mafuta, ile inataka kustaafu.
Hii ya Vojta sikuielewa. Ukiizungusha kwa kidole
hukataa, hukubali, hukataa tena,
kama mtoto anayeamshwa kwenda shule.

Nikaipeleka uwanjani, nyuma ya ghala la shayiri.
Otýlie wa Hedvika, miaka kumi na minne, gundi kuchani,
hakunipa pole.
Aliiweka kwenye mizani ya unga: gramu sabini.
Akaizungusha kwa keekee, akasoma mita,
akaandika kiganjani: elfu moja na mia moja.
"Mizunguko kwa dakika, kwa kila volti.
Lakini hiyo si nguvu. Hiyo ni hamaki tu."

Hamaki! Vojta angecheka mpaka akohoe.

Wengine huanza na ndege, ndipo wakaitafutia moyo.
Chanda chema huvikwa pete, ndivyo isemwavyo;
sisi pete tulikuwa nayo,
tukapita nayo meza kwa meza tukiomba kidole.

Ya kwanza ilikuwa ya Ctirad, nyepesi kama barua,
mabawa marefu, gramu mia nne na ushei.
Mota iliikokota kwa pua
kama mbwa wa jirani amkokotavyo bibi kizee,
bawa likapinda, likalia, likavunjika.
Ctirad akaokota fito moja moja, akasema si kitu,
kisha hakusema tena hadi saa kumi.

Ya pili ilikuwa na mabawa ya ghorofa, kilo mbili na nusu.
Ilikimbia nyasini, ikakimbia,
bata bukini anayekumbuka kwamba huwa anaruka
ila hakumbuki vipi.
Kukanuka waya. Otýlie akakata umeme,
akasogeza shavu karibu na mota, kama apimaye homa.

Ndipo tukafanya tulichopaswa kuanza nacho:
rafadha ya inchi kumi, betri ya seli tatu,
mizani ya samaki imefungwa kwenye mguu wa benchi.
Ilivuta kilo moja na gramu mia.
"Inataka mwili wa kilo kasorobo," alisema,
"usio na haraka. Usio na maringo."

Maringo haikuwa nayo, ndege ya Hedvika.
Mapovu ya kutandikia sakafu, rangi iliyobaki jikoni,
friji yenye mabawa.
Tuliiinua kwa ncha za vidole viwili, ikainamisha pua;
betri ikarudi nyuma upana wa kidole,
ikatulia.

Nikairusha mimi.
Haikupaa kwa kishindo. Ilipanda
kama mtu apandaye ngazi na kikombe cha chai,
na sauti ile niliijua, niliijua kabisa:
kitambaa chepesi, uzi uliokazwa sawasawa.
"Inashona," nikasema.
"Nini?"
"Basi tu."

Sijui aliinunulia ndege gani. Huenda hakuna.
Alikuwa mtu wa kununua vifungo
kabla ya kitambaa.

Betri ilipoishiwa ilitua shambani kwa watu,
kwenye rapa, manjano hadi macho yanauma.
Otýlie akazima rimoti, ili mota ipige mlio wa waliopotea,
nasi tukapiga magoti kwenye maua tukisikiliza: tii. Tii.
Nikaikuta mimi, petali zimenata ubavuni
pale zilipokuwa namba.
Ilikuwa na joto, lisilounguza,
joto la mkono uliotoka mfukoni sasa hivi.