Fundo la Mfumaji

Barua ya kufungwa kiwanda iliandikwa jina lake,
Genowefa Sobczak, mashine namba kumi na saba.
Haikuandikiwa vidole.
Ndiyo maana vidole havina habari.

Vinaendelea. Vikikutana na uzi wowote,
wa gunia la unga, wa pindo la shuka, wa kifuko cha chai,
ncha kwa ncha, gumba juu, kitanzi, vuta,
na fundo limekaa, dogo kama chembe ya mtama,
kabla mama hajamaliza kuniuliza kama nimekula.

Mwanzo haikuwa hivyo. Alinisimulia:
miezi mitatu alifunga kwa macho,
akihesabu kwa midomo, moja, mbili, tatu, nne,
na kila fundo lilikuwa na kwa nini yake:
hili la viatu vya kaka yako, hili la makaa,
hili limalizike kabla msimamizi hajafika.
Uzi ulikatika, akataka, akafunga.
Kutaka kulitangulia, mkono ukafuata.

Sijui ni siku gani mkono ulipita mbele.
Siku hiyo hakuna apigaye kengele.
Labda mwaka wa pili, labda wa sita,
zamu ya usiku, theluji imeziba madirisha ya Łódź,
mashine mia mbili zinanguruma hata watu wanasomana midomo,
naye anawaza jambo jingine kabisa, jino la mtoto,
akashtuka: uzi umeshafungwa
na hakumbuki kuufunga.
Alifurahi, alisema. Alihisi amepata mtumishi.

Mtumishi yule hakuwahi kudai mshahara,
wala hakuna aliyemwambia kazi imekwisha.

Leo kiwanda ni maduka. Matofali mekundu yaleyale,
bomba la moshi lisilo na moshi.
Tulikwenda kununua viatu vya baridi,
miguu yake ikakata kushoto bila kuniaga
mpaka kwenye ukuta palipokuwa na saa ya kugonga kadi.
Mkono ukainuka. Ukakuta tangazo la manukato.
Mama akacheka.
Mkono haukucheka; ulibaki hewani kidogo,
kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Jana nilimwomba: nifundishe.
Sweta ya Kajetan imekatika begani
na nataka kuifunga mwenyewe.
Akashika ncha mbili. Akazitazama.
"Ya kulia... ngoja. Ya kushoto inapita..."
Vidole vilisimama kama wanafunzi mbele ya mkaguzi.
Miaka thelathini na mmoja, na hakulijua.
Nikaona hofu ikimpanda usoni,
nikakimbilia kuuliza bei ya viazi.

"Bei! Usinitajie," akageukia dirisha,
tramu ikapita, akaanza kumlaani muuza viazi
yeye na ukoo wake na mizani yake,
na huku chini, juu ya mapaja, ambako hakuna aliyetazama,
fundo.

Nimechukua uzi mwingine. Nahesabu kwa midomo.
La kwanza limefumuka.
La pili limekaa kama nundu.
Ninataka, ninataka sana,
na kila nikitaka, vidole vinaniuliza:
halafu?