Ametoka Saa Ngapi?

Usiku wa tatu Skirmantė hajalala,
anajenga chumba ndani ya kompyuta:
dirisha moja, meza, viti viwili, zulia jekundu,
jagi la kioo lisilowahi kushikwa na mkono.
Nje, Februari ya Kaunas imegandia vioo,
na feni ya mashine inahema kama mpanda kilima.

Kuna kasoro, haisemi iko wapi.
Akaongeza taa. Akaongeza nyingine.
Chumba kikamchekea kwa meno ya bandia.

Asubuhi Danguolė wa ghorofa ya chini
alikuja kudai ngazi yake.
Miaka thelathini na mmoja amepiga lipu kuta za watu;
chokaa imehamia kwenye kucha, na hailipi kodi.
Akainama, akasogeza miwani.
"Nani anaishi humu?"
"Hakuna mtu. Ni picha tu."
"Ndiyo maana."

Akaweka kidole juu ya skrini.
"Ukingo huu wa meza utachinja mtu.
Hata randa ikisahau, viwiko vya walaji
huulamba mpaka ukalainika.
Na jua lako linatoka wapi?
Kivuli cha kiti kinakwenda ukutani,
cha jagi kinakwenda kwao.
Mwanga ni mbea, binti:
ukikanyaga zulia jekundu
lazima ukalisengenye ukutani."

Akabeba ngazi, akaondoka.
Kwenye skrini ilibaki alama ya kidole, mafuta na vumbi.
Skirmantė akashika kitambaa,
akakirudisha.
Akaipiga picha alama ile, akalivisha jagi.

Kisha akazima taa zake, moja moja,
kwa uchungu wa mtu anayerudisha zawadi.
Akabakiza jua: la chini, la baridi, lenye haraka ya kuzama.
Kingo zote akazilaza, milimita moja, mbili.
Michirizi ya mbao ilikuwa mipana kama mito;
akaipunguza hadi ikatosha mti wa kawaida.
Kamera, iliyokuwa darini na buibui,
akaishusha mpaka jicho la mtu aliyeketi.
Duara la kikombe juu ya meza.
Makombo mawili. La tatu akalifuta:
uchafu nao una kiasi.
Kiti kimoja akakisukuma upande,
kama cha mtu aliyeitwa ghafla.

Saa sita na nusu akangoja,
chenga zikitulia punje kwa punje,
chai ikipoa, akiisahau, akiikumbuka imekwisha ganda utando.

Jioni Danguolė akarudi: ngazi ilipungua skrubu.
Hakusifu. Alitazama kiti,
akatazama mlango uliokuwa wazi kidogo.
"Ametoka saa ngapi?"
"Sasa hivi," Skirmantė akajibu, bila kufikiri.

Danguolė akatia skrubu mfukoni.
"Pazia hilo bado ni bati," akasema.
"Lishone upya."