Robo Tatu ya Kondoo

Kompyuta ya Kalmurat ilikufa Machi, siku ya theluji laini.
Ilikoroma mara mbili kama mwenyewe, ikazima.
Faili nikalihamishia simuni: kondoo mia sita na arobaini,
nyumba thelathini na mbili, jedwali moja,
na kioo chenye ufa toka kwenye saa hadi kwenye betri.

Wiki ijayo wanapanda malishoni.
Kila nyumba itauliza: wangapi wangu, som ngapi kwa kichwa,
na nani hajamaliza ya mwaka jana?
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Na daftari bila kompyuta?

Ermek, mpwa wangu wa Bishkek, akanitumia majina matatu.
"Shangazi, jaribu zote. Ni za bure."
Bure ina meno yake.

Ya kwanza ilitaka nenosiri, kisha mtandao.
Hapa kwetu Naryn mtandao unakaa kilimani,
nyuma ya zizi, hatua mia mbili, uinue mkono.
Nikapanda na buti za marehemu,
nikafungua jedwali mbele ya upepo,
nikaandika fungu la Zuurakan: 3/4,
maana kondoo yule mweusi ni wake robo tatu,
robo iliyobaki ya dada yake, walimnunua kwa kuchanga.
Simu, kwa adabu zote, ikaandika: tarehe tatu Aprili.
Nikafuta. Tatu Aprili.
Nikafuta tena. Tatu Aprili.
Nikaiambia, huyu ni kondoo, si siku.
Nikashuka.

Ya pili ilikuwa na sura nzuri, vitufe vya kijani,
ila kila nilipogusa jumla alichomoza mwanamke
akiniuzia chai ya kupunguza tumbo.
Nina miaka sitini na mmoja.
Tumbo hili limebeba wanne, halidaiwi na mtu.
Nikamfunga, akarudi. Nikamfunga,
kidole kikateleza, na Toktosun
akapoteza kondoo tisa kwa kufumba na kufumbua.

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kijivu,
kazi ya mtu asiyejali kupendwa.
Herufi kama chawa. Rangi hamna.
Kufichwa kwa safu haikukujua kabisa:
kilichomo faili, ilikimwaga.
Basi kati ya G na I, pale ambapo miaka yote
nilipita bila kuuliza, kama urukavyo ngazi mbovu gizani,
ikasimama H.

zuurakan, mbwa mwitu, wawili. nimelipa mimi.
toktosun, mto ulifurika, mmoja. nimelipa mimi.
mjane wa sharshen, hana. asiulizwe.

Na kuendelea, hadi chini.
Kumi na mmoja kwa miaka tisa.

Kila vuli nilihesabu wa kwetu, nikakuta pengo.
Nilimwita mzembe. Mwaka mmoja, mbele ya wageni,
nilimwita mwizi wa zizi lake mwenyewe.
Alikuna sikio.
"Huenda nimekosea kujumlisha," alisema.

Kioo kikazimika kuokoa betri.
Nikakiwasha. Bado ipo.

Ermek akapiga: "Umechagua ipi?"
"Ya tatu."
"Shangazi! Hiyo ni mbovu, hata safu haifichi!"
"Najua," nikasema, "ndiyo hiyo,"
nikamuuliza kama anakula vizuri.

Jioni mjane wa Sharshen alifika na kondoo wawili,
mmoja anachechemea. Akauliza ada ya mwaka huu.
Pochi alikuwa ameishika kwa mikono miwili,
kama mtu ashikavyo kifuniko cha chungu kisifunuliwe.
Nikainamia kioo, upande wenye ufa,
nikaandika kwenye H, kwa herufi ndogo.

"Sijui," nikamwambia. "Simu hii bado sijaizoea.
Nenda kwanza, nitakuja kukuambia."

Kisha nikailaza kifudifudi mezani,
maana yenyewe haijui kuficha.