Sehemu

Walikuja na malori mawili kutoka Kampala,
wakasema shule yetu hapa Tororo
ina sura wanayoitafuta.
Mwalimu mkuu Ochwo akafunga tai.
Hakuuliza sura gani.

Madawati tunayo kumi na tisa.
La ishirini halina miguu, tunaliita Mheshimiwa:
limekaa tu, halijawahi kusimama kututetea.

Mwongozaji akainua macho kwenye bati,
akasonya. Matundu yamezidi,
watazamaji hawataamini.
Wakaziba mengi, wakaacha matatu
yanayoingiza mwanga mzuri.
Wakashusha chaki, katoni nzima, mpaka za rangi;
Nyafwono akasunda sita ndani ya kilemba,
akashinda siku nzima bila kuinama.

Kijana aliyeniigiza
(walisisitiza si mimi, ni mtu tu)
alivaa soksi zinazofanana.
Akaniuliza: kitabu kimoja mnagawanaje?
Nikamwambia, Nyafwono ana kurasa za mwanzo,
mimi za mwisho.
Sehemu zilikuwa katikati,
zililiwa na mchwa.
Akaandika kiganjani.

Ijumaa usiku tulibanana kwa Obbo, mchaji simu.
Yule kijana akaupa ubao mgongo, akasema,
"Sehemu? Zililiwa na mchwa!"
Ndani ya televisheni wakacheka watu tusiowaona,
kisha duka zima,
kisha mimi, kuwashinda wote,
huku napapasa mfuko kana kwamba nimeibiwa.
Ochwo hakucheka. Alikuwa akihesabu matundu,
kidole hewani.

Betri ya sola ikazima kabla ya mwisho.
Kwa hiyo hatujui kama shule ile ilipata madawati.
Obbo anaapa ilipata.
Nyafwono anasema, kile kilikuwa kichekesho, si muujiza.

Jumatatu ikanyesha.
Viraka vyao, kumbe, ni maboksi
yaliyopakwa rangi ya bati.
Vikadondoka kimoja kimoja,
vimelowa kama mkate kwenye chai,
watoto wakivipigia makofi.

Nikangoja makofi yaishe.
Nikatoa chaki ya waridi, ile ya kilemba,
nikaivunja mbele yao, tak:
hii nusu. Na hii nusu.
Moja mpelekeeni Mwalimu Nyafwono.
Mwambieni leo tunaanzia katikati.